Mdomo Wangu Ndani ya Mashine

Kawangware, baada ya chakula cha jioni

Nyambura mwanangu, mama yangu mdogo,

Hali yako sitaiuliza, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukifungua sanduku, ukilifunga, ukilifungua tena. Ukuta wetu ni wa mbao na hausitiri kitu. Mimi niko mezani, nimesukuma vikombe pembeni, na hali yangu nitakwambia bila kuficha: nimeshtuka. Nimeshtuka tangu Ijumaa, na leo mchana nimeshtushwa tena juu ya ule mshtuko wa kwanza. Wewe unafikiri nimenuna. Tangu Ijumaa tumekuwa tukiambiana habari za chumvi na sabuni tu, na ukiingia jikoni mimi natoka. Sikununa, mwanangu. Haya, nilinuna siku ya kwanza. Baada ya hapo ni kwamba sikujua niupeleke wapi huu mdomo wangu.

Habari za sweta, na za kula vizuri, na za kutosahau kanisa, sitaziandika. Hizo nimezisema mpaka wapangaji wamezikariri. Na karatasi hii usiishangae, nitafika kwayo.

Nianze na Ijumaa, kwa sababu nataka ujue mimi niliiona vipi. Uliniita ofisini kwenu nije ninywe chai ya kukuaga kabla ya safari yako ya ng'ambo. Nikavaa suti yangu ya kanisani, nikavaa vile viatu vinavyonibana, kwa sababu mtoto wangu ni mtu wa kompyuta na sikutaka aone haya. Sijawahi kuingia chumba kama kile. Ndani baridi, nje jua. Mashine zinavuma. Wenzako wakaja kunisalimia mmoja mmoja, na jambo la kwanza lililonigonga ni kwamba walinitazama kana kwamba wananijua. Yule mkubwa wenu wa tai ya kahawia alinivutia kiti, kisha akasema, "Mama, karibu. Mlango tumefunga!" Chumba kizima kikacheka. Mimi nami nikacheka kwa adabu, halafu nikageuka nikautazama mlango. Ulikuwa umefungwa kweli. Sikuelewa kitu.

Ndipo Auma akanishika mkono. Nikimwandika Auma bado namwona mtoto wa mpangaji wangu wa chumba cha tatu, mmekaa wawili juu ya karai lililopinduliwa mkigawana muwa, kabla mama yake hajahamia Gatwekera kule Kibera. Sasa ni mwanamke mzima, anapiga vidole kwenye ile mashine bila kuvitazama. "Mathe, kuja uone vile binti yako ametusumbua humu ndani," akaniambia.

Akanieleza polepole, na ninakushukuru kwamba hukumkatiza. Alisema mnaandika programu zenu kwa lugha ambayo jina lake ni herufi moja tu, C. "Ndani yake kuna vijikazi, tunaviita fanksheni. Kawaida fanksheni inakaa pahali yake, ukiihitaji unaiita. Lakini kuna zingine, hizi za inline. Hizo mathe haziitwi. Mashine inachukua kazi yote inaiandika hapo hapo, kila mahali umeitaja. Kama ni ndogo, poa, inaenda mbio. Kama ni kubwa, programu inanona tu, inajaa kila pahali." Na wewe, akasema, ulichoka kusoma kazi za watu ukitafuta makosa hayo kwa macho, ukaandika programu ya kuyatafuta yenyewe. Mtu akimaliza kuandika, lazima kazi yake ipite kwa mashine yako kwanza.

Nilielewa, usifikiri sikuelewa. Nimekaa na ploti hii ya vyumba vya kupangisha maisha yangu yote. Nikamwambia Auma kwamba kikombe kila chumba kiwe na chake, hakuna mtu atatoka nje kila akitaka kikombe. Lakini mfereji ni mmoja, na choo ni kimoja, na viko nje. Ukianza kuweka mfereji na choo ndani ya kila chumba, mtu atalala wapi? Auma akanitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Akasema, "Mathe, hivyo hivyo ndiyo Nyambura alituambia. Hata hiyo ya kulala."

Kisha wakaichukua kazi ya mkubwa wenu, kwa hiari yake mwenyewe, wakaipitisha. Printa ikalia, karatasi ikaanza kutoka, na Auma akasoma kwa sauti.

"Hii ni kubwa. Itoe nje!"

Wakacheka. Auma akasoma mstari wa pili. "Unafulia ndani ya nyumba?" Akanieleza kwamba hapo mkubwa ameweka kazi ya kurudiarudia ndani ya inline, na kazi ya kurudiarudia haifai kukaa pale. Akasoma wa tatu. "Funga mlango!" Hapo amesahau neno la kuificha hiyo fanksheni isionekane na mafaili mengine. Wa nne, kitu alichokipa herufi tupu badala ya jina: "Mtoto huyu hana jina?" Wa tano, ameandika kitu kimoja mara mbili, mahali pawili: "Sufuria mbili za nini?"

Nyambura, niliitambua sauti ile. Yale yalikuwa maneno yangu. Si maneno tu, hata ile namna yangu ya kuuliza swali lisilotaka jibu. Nilimsikia yule mwanamke anayezunguka ploti hii kila asubuhi na leso mabegani, akiingiza kichwa kwenye kila mlango, na nilimsikia akitoka ndani ya mashine, mjini, mbele ya watu wenye tai. Watu walicheka hadi machozi. Mkubwa wenu alisema, "Mama, mimi naogopa hii kitu kuliko mke wangu." Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umesimama ukutani, mkono mdomoni, na hukuwa ukicheka. Lakini wakati ule hilo sikulipima. Nilichoona ni kwamba mtoto niliyemzaa amenichukua akaniweka sokoni. Nikachukua mkoba wangu, nikasema nimeacha maziwa motoni, nikatoka. Hakukuwa na maziwa. Hata moto haukuwapo.

Nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Kawangware na vile viatu. Njia yote nilikuwa nikikutukana kimoyomoyo, nikikukumbusha nani alikufundisha kufunga vifungo. Nilipofika kwenye ploti nikamkuta mpangaji mpya wa chumba cha nne ameingiza karai la nguo hadi mlangoni, maji yanachuruzika sakafuni. Kabla sijafikiri, mdomo ukasema wenyewe: "Unafulia ndani ya nyumba?"

"Natoa, mama, natoa," akasema yule maskini.

Nikasimama pale pale nikaduwaa. Si mimi niliyesema, ni mashine. Au mashine ndiyo mimi. Yule mama alifikiri bado namngoja, akaanza kupiga deki hata kizingiti.

Jumamosi na Jumapili nilijisikiliza, kazi ambayo sijawahi kuifanya. Haikunipendeza. Nilijisikia nikimwambia fundi bati limekaa upande, nikimwambia muuza mboga sukuma wiki zake zimelala, nikimwambia mchungaji maskini wa Mungu kwamba mahubiri yamerefuka. Na yote yalikuwa kweli! Bati lilikuwa upande. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba sikupata hata mara moja nilipokuwa nimekosea. Ikabidi nijaribu kukumbuka ni lini nilimwambia mtu kitu kiko sawa, nikafika kwa baba yako na nikakwama hapo.

Wewe humkumbuki vizuri. Ardhi hii ilikuwa mahindi na migomba ya babu yako, na miaka ile ya mwanzo ya uhuru watu walipoanza kuja kutafuta kazi, wengi kutoka upande wa ziwa, baba yako akasema tujenge vyumba. Alijenga kwa mikono yake, safu nzima, akitoka kazini jioni. Siku aliyopigilia bati la mwisho alinikalisha kwenye gogo, akasema, "Haya mama, pita uangalie." Nikapita chumba kwa chumba, na yeye nyuma yangu. Nikafika cha mwisho. Nikamwambia, "Mlango huu umepinda." Ulikuwa umepinda kweli, Nyambura. Hata leo unakwaruza. Akachukua randa akaanza kuunyoosha, na mimi nikaenda kupika.

Vyumba vile havijawahi kuvuja. Mvua zote hizi, hata ile iliyobeba choo cha jirani, sijawahi kuweka sufuria chini ya bati la baba yako. Nilikuwa nalijua hilo yeye akiwa hai, na nililijua tulipokuwa tunamzika, na mara ya kwanza kulitamka ni Jumapili hii iliyopita, nikiwa peke yangu, nimesimama mbele ya chumba cha mwisho na suti yangu ya kanisani. Nililia hapo mlangoni. Mpangaji akatoka akaniuliza kama kuna kitu amevunja.

Sasa nije kwa leo. Ulipokuwa umeenda kuwaaga watu wa kwaya, Auma alikuja. Ametoka Ayany, kule kule Kibera, anakokaa siku hizi, jasho linamtoka, na begi begani.

"Sasa, mathe. Siku ile ulitoka mbio hata chai hukunywa."

"Nilikuwa na maziwa motoni."

"Maziwa gani, mathe? Hebu tukae." Akakaa kwenye kiti chako. "Uliona tukikucheka."

"Niliona."

"Tunacheka, ndiyo. Hakuna mtu amezoea mashine iongee Kiswahili, na iwe kali hivyo. Lakini unajua ile ya kwanza ilitoka wapi? Ile ya itoe nje?"

"Ilitoka kwangu. Si ndio nashinda nikisema."

"Ilitoka kwangu mimi," Auma akasema. "Mimi ndiyo nilimwambia aanze na hiyo."

Hili sikuwahi kukusimulia, kwa sababu sikuona kama ni la kusimulia. Auma alikuwa bado wa kunyonya. Mama yake alikuwa ametoka ziwani juzijuzi, na baridi ya Julai ya hapa ilimkuta bila hata blanketi la maana. Jioni moja nikizunguka nilinusa makaa nikipita chumba cha tatu. Mlango umefungwa, na kila ufa umezibwa kwa matambara. Nikagonga. "Jiko liko ndani?" Akajibu, "Mtoto anasikia baridi." Nikamwambia, "Litoe nje!" Akakataa, akaniambia chumba ni chake mpaka mwisho wa mwezi. Nikasukuma mlango kwa bega. Jiko nililibeba kwa leso yangu, na leso ikashika moto. Lile kovu la kiganjani ulilokuwa ukiniuliza, nikakwambia ni uji, si uji. Niliporudi ndani mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Tukampepea nje kwenye ile baridi aliyokuwa akifichwa, tukampepea na kumwita jina, mpaka akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Na mama yake alikaa muda mrefu bila kunisalimia, kwa sababu nilimwingilia chumbani mbele ya majirani.

"Mamangu alinieleza nikishapata akili," Auma akaniambia leo. "Mimi nikamweleza Nyambura. Siku anaanza hiyo programu aliniuliza, tuanze na sheria gani? Nikamwambia, weka ile iliniokoa."

Nilikuwa nimekubebea hasira kutoka mjini hadi hapa, nikiamini umefanya mchezo na mama yako, kumbe ulikuwa unajua. Ulikuwa umelijua kovu langu, umelala chumba cha pili kwangu na hukusema, kwa sababu nilisema ni uji na wewe ukaheshimu uji wangu.

Ningekuwa nimemaliza hapo ningelala vizuri. Lakini Auma hakuwa amemaliza.

"Si hiyo tu imenileta, mathe. Wewe hukungoja karatasi ya mwisho. Tulikuwa tumepanga tupitishe kazi ya Nyambura mwenyewe, ukiwa hapo. Ulipoenda, tukaipitisha tu. Karatasi ikatoka tupu."

"Mashine iliharibika?"

"Hapana. Tupu ndiyo safi. Programu za kukagua huwa hivyo, hata kule ng'ambo zinatoka. Ikikosa kupata makosa, inanyamaza. Lakini sisi tulikuwa tunataka iseme kitu, unajua, mtu akifanya vizuri asikie raha. Boss alimwambia aweke 'Safi sana'. Nyambura akakataa kabisa. Akasema, hii ni mama yangu, na mama yangu akipata kitu iko sawa, anapita tu. Akasema akiwa mdogo alikuwa anapanga chumba, anasimama mlangoni, anakungoja. Ukipita bila kusema kitu, hiyo siku ilikuwa Krismasi yake."

Nyambura.

Nimeliandika jina lako halafu nikalia. Umekohoa hapo ndani, nikafikiri umenisikia nikilia, lakini naona ni vumbi la sanduku.

Nakukumbuka mlangoni. Ningesema sikumbuki, ingekuwa rahisi. Ulikuwa unasimama na mikono nyuma, nywele umezifunga mwenyewe, na unatazama miguu yangu, si uso. Mimi nilikuwa napita. Nilidhani unangoja ruhusa ya kwenda kucheza.

Mama yangu, uliyepewa jina lake, naye alikuwa hivyo. Nilikuwa nampikia, anakula, ananawa mikono, anaondoka, nami najua chakula kimekubalika. Nilipoolewa alizunguka jikoni kwangu hakusema kitu, nikatembea wiki nzima nimevimba kichwa. Nilifikiri huo ndio utajiri wa kwetu na kwamba nakurithisha. Sikujua kwamba mtoto akisimama mlangoni anakuwa na njaa.

Na kuna jambo jingine Auma aliniambia akielekea kutoka, nikimuuliza kama mashine yako inajua kila kitu. "Hapana, mathe. Haiangalii kama hesabu ni sahihi. Inaangalia tu vile umeiandika. Unaweza kuandika uongo vizuri sana, inanyamaza." Alilisema kama jambo la kazini, akaokota begi lake, akaenda. Mimi nikabaki nalo.

Kwa sababu nakumbuka na hilo. Walipohamia Gatwekera, ulikuwa ukitembea huko Jumamosi kumwona Auma, na ukirudi mimi niko kizingitini nakagua viatu. Siku moja ulirudi na matope meusi hadi kwenye soksi. Nikasema, "Haya matope ya wapi tena?" Ukavivua, ukaviosha, ukavipanga ukutani vikitazamana na jua. Nikapita. Baadaye sana ndipo nilisikia kwa mama yake kwamba siku hiyo Auma alikuwa ameambiwa aache shule, na kwamba mlikaa nyote wawili kando ya reli mkalia mpaka mkakosa sauti. Nilikuwa nimesimama mbele yako, ningeweza kukugusa. Niliona soksi. Viatu vilikuwa visafi kuliko siku zote, na wewe ulikuwa umevunjika, na mimi nikanyamaza kama programu yako.

Sikuandikii haya ili uniambie hapana mama. Najua utataka kusema hapana mama. Naandika kwa sababu kesho unaenda kukaa na watu ambao watakukagua zaidi yangu: unavyosema, unavyoshika kijiko, jina lako watakavyolivunja mdomoni. Wengine watapata makosa na watakuwa na haki. Wewe ukiona jiko la mtu liko ndani, sema, hata kama atakununia mwaka. Sitaomba msamaha kwa mdomo ulioliona lile jiko, na usiache mtu yeyote akufundishe kuuonea haya, maana nawe unao, umeurithi mzima mzima. Ila usije ukakaa na mtu, awe rafiki awe mume, ukingoja apite bila kusema kitu na ukaiita hiyo Krismasi. Mimi ndiye niliyekuzoesha hivyo, na inanitisha kufikiri utaenda kuitafuta ng'ambo hali kama ya nyumbani na kuipata.

Mashine usiibadilishe. Nilifikiria kukuomba uiongezee yale maneno ya mkubwa wenu, kisha nikaona ni uvivu wangu. Hiyo ni desturi ya kazi yenu, iacheni inyamaze. Haikumzaa mtu.

Sasa karatasi. Umeona ina matundu pembeni, na haikatiki, inakunjuka tu. Auma ndiye aliyeileta kwenye begi lake. Anasema uliikunja Ijumaa ukaiweka mezani kwako, halafu ulipokuwa unakusanya vitu vyako ukaishika, ukairudisha, ukaiacha. Ndiyo ile iliyotoka kwenye kazi yako. Nimeitazama mchana kutwa, nimeigeuza na upande wa pili kama kuna kitu kidogo kimeandikwa ambacho sikukiona. Hakuna. Nimeona haifai uondoke nayo tupu.

Nakuandikia juu yake, basi. Uliposoma wewe na wapangaji walevi wanapiga kelele ukutani, ukashinda, ulifanya vizuri. Ulipomfundisha Auma, akiwa bado mpiga chapa tu hapo kwenu, hiyo lugha ya herufi moja saa za chakula cha mchana, na hukuniambia, nimeambiwa na yeye, ulifanya vizuri kuliko mimi niliyebeba jiko tu. Chumba chako kilikuwa safi. Siku nyingi kilikuwa safi kuliko changu. Nywele ulikuwa unazifunga vizuri. Viatu vile ulivipanga vizuri, na ulikuwa na haki ya kulia. Nakupenda, na sijui kwa nini neno dogo hivyo nililiweka nje wakati lilistahili kukaa ndani, kila chumba, kila mahali.

Nimepita mlangoni kwako jioni hii ukiwa umeinama juu ya sanduku. Uliniona, ukasimama wima, mikono ukairudisha nyuma. Una miaka yote hiyo, una karatasi za chuo kikuu, kesho unapanda ndege, na bado ukarudisha mikono nyuma. Nikatazama sanduku. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikapita.

Nimefika hapa mezani ndipo nikajua nimefanya nini tena.

Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako, utaipata huko. Lakini haya ya mwisho sitaki uyapate kwenye karatasi. Naweka kalamu, nakuja kugonga. Nakujua, ukisikia ni mimi utaanza kwanza kuficha soksi na kunyoosha kitanda. Usipange kitu, mama. Fungua tu.

Ni mimi,
Mama yako